Maombi maalumu

Kila unapofika wakati wa kuwapanga wanafunzi kwenda mazoezi ya kufundisha, nafungua jedwali lenye kolamu saba. Sita za kwanza hazina maneno: namba ya usajili, jina, somo la kwanza, somo la pili, mwaka wa masomo, simu. Ya saba ndiyo yenye mambo. Juu yake pameandikwa "Maombi maalumu", na humo ndani watu hukunjua maisha yao yote.

Safari hii nilikaa kuzisoma zote, mistari 214, kwa usiku mmoja, kwa sababu mwenzangu niliyekuwa nigawane naye kazi aliugua ghafla. Nina mtoto ananyonya. Namuuguza baba. Nina pumu, naomba karibu na hospitali. Mume wangu hajaridhia niende mbali. Kuna aliyeandika tu "Mjini tafadhali", hakuongeza neno, na huyo nilimheshimu kwa kutonipotezea muda. Ukizichuja zote unabaki na ombi moja: msinipeleke mbali.

Kisha nikafika kwa kijana mmoja wa Hisabati na Fizikia. Namfahamu. Darasani haulizi swali hata moja, lakini kipindi kikiisha hunisubiri mlangoni na maswali matatu yaliyopangwa kwenye karatasi. Ametoka kijijini hasa, kule ambako basi linaishia na wewe hujafika. Kwa kila andiko nililowahi kuandika kwa miaka kumi na moja, huyu ndiye mtu wangu. Ndiye ninayewatajia wakubwa wa chuo kwenye vikao: mdahilini mtoto wa kijijini, msomesheni, naye ndiye atakayerudi kufundisha kijijini. Kolamu yake ya saba ilisema: "Popote, hata mbali kabisa. Ila si kwetu."

Nilifunga kompyuta nikaenda kulala bila kumaliza mistari tisa iliyobaki.

Nieleze kidogo kazi yangu, maana hata ndugu zangu hudhani ninafundisha tu. Mimi ni mhadhiri wa elimu, na utafiti wangu una miguu miwili. Mguu mmoja ni udahili: nani anaingia chuo kikuu, nani anabaki nje, na kwa nini. Mguu wa pili ni vituo vya kazi: kwa nini shule za vijijini hazipati walimu, na zikiwapata kwa nini hawakai. Nilianza na ule wa kwanza peke yake. Wa pili niliuparamia siku niliyogundua kuwa ofisi ya udahili iko ghorofa ya tatu, ofisi ya mazoezi ya kufundisha iko chini kabisa karibu na stoo ya viti vibovu, na kwamba hakuna karatasi hata moja inayopanda au kushuka kati yao. Walio juu wanahangaika na idadi. Walio chini wanahangaika na ikama za shule, yaani idadi ya walimu wanaohitajika. Mwanafunzi akishamaliza usajili juu, kule chini anazaliwa upya, hana alikotoka.

Nikaomba orodha zote mbili. Nilitaka kuweka shule ya sekondari aliyosoma mtu kando ya shule aliyoanzia kazi. Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Ilinichukua wiki sita, kwa sababu shule moja inaweza kuandikwa kwa tahajia tatu, na nyingine zimebadilishwa majina katikati. Nilipomaliza, picha iliyotokea haikuwa mpya. Mwaka 2005, Donald Boyd na wenzake watatu walichapisha matokeo ya walimu wapya wa jimbo la New York. Walipima jambo jepesi kabisa: umbali kutoka pale mwalimu alikosoma sekondari hadi shule yake ya kwanza ya kazi. Asilimia 61 walikuwa wameanza ndani ya maili 15, yaani kama kilomita 24. Ukipanua hadi maili 40 unapata asilimia 85. Hao ni watu wenye barabara nzuri, magari na treni, na wangeweza kwenda watakako. Wakarudi kwao.

Matokeo yale yaliniondolea usingizi kwa namna nzuri. Kama walimu huanzia karibu na walikokulia, basi eneo linalopeleka vijana wachache chuoni halitapata walimu wa kwao, litakuwa la kuazima tu. Litaletewa wageni, wageni wataanza kuomba uhamisho kabla hata ya kujua majina ya wanafunzi, na watoto watafundishwa na zamu ya watu wanaopita. Watoto hao watafaulu wachache, wachache watafika chuoni, na duara litajifunga. Ghorofa ya tatu ikimkosa mtoto leo, ghorofa ya chini itamkosa mwalimu baada ya miaka minne au mitano. Nikajiona nimegundua jambo. Nilizunguka na mchoro wa duara lile kwenye mikutano mpaka wenzangu wakaanza kuniita Mama Duara.

Sasa huyu kijana anasema: ila si kwetu.

Kabla sijarudi kwake, niseme kuhusu ghorofa ya tatu, kwa sababu watu wengi wakisikia suala la nani anaingia chuo kikuu hufikiria mambo mawili, alama na ada. Yote mawili ni ya kweli. Lakini miaka hii imenifundisha kuwa kati ya mtoto mwenye alama na kiti cha darasa la chuo kuna uwanja mpana uliojaa vitu vidogo vidogo, na watoto wa vijijini hujikwaa humo zaidi kuliko mahali pengine.

Jimbo la Texas lilipitisha sheria mwaka 1997 kwamba wanaoshika nafasi za juu, asilimia 10 ya kwanza katika sekondari yao, wawe na haki ya kupokelewa na vyuo vikuu vya umma vya jimbo. Kwa shule ndogo ya mashambani hiyo ni ahadi kubwa, kwani unashindana na wenzako wa darasani, hushindani na watoto wa mji mkuu. Hata hivyo, lazima uombe. Sheria haiji kukugongea mlango.

Waliokwenda kugonga ni wale wa Michigan. Kuanzia mwaka 2015, Susan Dynarski na wenzake walishirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan kuwaandikia wanafunzi wa sekondari waliofanya vizuri lakini wanatoka familia za kipato cha chini. Bahasha kubwa, yenye rangi za chuo, na ndani yake ahadi: ukiomba ukapokelewa, hulipi ada miaka minne, na huhitaji kujaza fomu za fedha ili kuithibitisha ahadi hii. Wengi wao wangesamehewa ada hiyo hata bila barua. Hela hazikuongezeka kiasi cha kutajika. Kilichoongezeka ni uhakika. Katika shule zilizopata barua, asilimia 68 waliomba nafasi, na katika zile ambazo hazikupata, asilimia 26. Walioingia chuoni hapo walikuwa asilimia 27 dhidi ya 12. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilikwenda kuitafuta barua yetu.

Barua yetu ya udahili ilikuwa na kurasa mbili, mihuri miwili, na maneno "kwa mujibu wa" mara tano. Sikuona ubaya wake mpaka nilipoanza kupiga simu. Nilichukua majina 37 ya waliothibitisha nafasi halafu hawakutokea. Marekani wamelichunguza sana jambo hili, na wanasema kati ya asilimia 10 na 20 ya vijana waliokwisha kujiandaa kwenda chuo huyeyuka katika miezi ile ya kati, baada ya kumaliza sekondari na kabla ya muhula kuanza. Mimi nilitaka kuwasikia wa kwangu. Ishirini na wawili walipokea.

Wengine walikuwa wamekwenda vyuo vingine, sawa. Wawili walikosa ada. Mmoja alikuwa ameolewa, na aliyepokea simu ni mumewe, tukaagana haraka. Ile ninayoikumbuka ilipokewa na mama mtu mzima. Nikasema naulizia binti aliyepata nafasi ya ualimu. Kukawa kimya, kisha nikasikia akiita kwa sauti, "Njoo! Njoo! Wamepiga!" Binti alikuja anahema. Akaniamkia, halafu akauliza, "Ndio nije sasa?"

Muhula ulikuwa wiki ya saba.

Nilimuuliza kwa nini hakuripoti. Akasema barua haikumwambia aripoti. Akanisomea, maana alikuwa nayo, ilikuwa imewekwa ndani ya kitabu: "Utajulishwa tarehe ya kuripoti kupitia tovuti ya chuo." Yeye alielewa neno la kwanza. Utajulishwa. Kwao mtu akiambiwa atajulishwa, anakaa anasubiri kujulishwa, haendi kumfuatafuata mkubwa kama mdai. Alikaa. Alikuwa amekwisha kushona sketi mbili. Kila aliyepita njiani akitokea mjini aliulizwa kama ana barua yao. Mtoto wa mjini mwenye kaka aliyepita chuoni angesoma sentensi ileile akacheka, angejua maana yake ni "jitafutie". Huo ujuzi haufundishwi popote, mtu huupata sebuleni kwao akiwa amekaa tu.

Aliahirishiwa hadi mwaka uliofuata, akaja. Ninalitaja hili kwa sababu ningependa kusema kila simu iliishia hivyo, na haikuwa hivyo. Ni yeye na wengine wawili.

Ghorofa ya chini, basi.

Msimamizi wa mazoezi ya kufundisha hubeba fomu yenye vipengele 25. Andalio la somo, azimio la kazi, utangulizi, sauti, matumizi ya ubao, zana, maswali, nidhamu ya darasa, matumizi ya muda. Unakaa nyuma dakika arobaini, unajaza, unamwita pembeni mwanafunzi unamwambia mazuri mawili na mabaya matatu, unasaini, unakimbilia shule inayofuata. Nimezijaza fomu hizo kwa mamia. Iko moja ambayo bado inanitia aibu.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, dada mtulivu, amepangiwa shule ya msingi yenye walimu watatu kwa madarasa saba. Nilipoingia nilidhani nimekosea chumba. Darasa la tatu walikuwa wametazama upande mmoja, la nne wametazama upande wa pili, wamepeana migongo katikati, na kila upande una ubao wake. Yeye alikuwa anatembea kati ya mbao mbili kama mtu anayepika vyungu viwili. Upande huu kutoa kwa kukopa, upande ule insha. Simu yake alikuwa ameiegemeza kwenye boksi la chaki, imewekwa saa inayohesabu dakika kurudi nyuma, na kila ilipotetemeka aligeuka. Watoto wa la nne walikuwa wameshazoea: wakiona anakwenda kule, mmoja wao anasimama anasoma sentensi kwa wenzake bila kuambiwa. Mara moja tu mambo yalimchanganya, akaandika neno la insha kwenye ubao wa hesabu, darasa la tatu wakalinakili kwa utiifu wote chini ya 52 toa 27.

Fomu yangu ilitaka utangulizi wa dakika tano, ujuzi mpya, majumuisho. Kipengele cha matumizi ya muda nilimpa 3 kati ya 5. Alikuwa amefundisha vipindi viwili ndani ya kimoja, na mimi nikamkata alama kwa sababu hakikufanana na kimoja. Chuoni kwetu, katika miaka yote mitatu aliyosoma, hakuna aliyewahi kumwambia kuwa madarasa ya namna hii yapo, sembuse kumfundisha yanavyoendeshwa. Si kwamba maarifa hayapo. Kolombia walianza mwaka 1975, Vicky Colbert na wenzake, mpango wa Escuela Nueva kwa ajili ya shule za aina hii hasa: mtoto anakuwa na mwongozo wake wa kujifunzia, anakwenda kwa mwendo wake, na mwalimu anazunguka kwenye vikundi badala ya kusimama mbele. Mimi nilikuwa naujua. Niliufundisha kama mada ya elimu linganishi, saa moja, pamoja na maswali ya mtihani. Haikunijia kichwani kuwa ni mada ya yule dada pale.

Ningeondoka na aibu hiyo moja kama mvua isingenyesha. Dereva alisema tungoje. Tukangoja, na kwa kuwa nimekwisha kusaini fomu, hatukuwa na la kuzungumza, nikamuuliza analala wapi. Akanionyesha. Ni nyumba ya mwalimu, imejengwa vizuri, bati zima. Chumba cha mbele kilikuwa bado kina mabunda ya vitabu vya zamani na meza zilizovunjika, yeye analala cha nyuma. Kufuli lilikuwa la shule, na ufunguo mmoja tu, nao anao mwalimu mkuu anayeishi kijiji cha pili. Kwa hiyo akitoka, nyumba inabaki wazi. Akilala, anasukumia dawati mlangoni. Aliniambia haya bila kulalamika, kama anavyokuonyesha mtu mahali pa kuoshea mikono. Wiki ya tano hiyo. Kulikuwa na vipengele 25 na hakuna hata kimoja ambacho kingenifikisha kwenye lile dawati.

Wanaotunga sera huniuliza, dawa ni nini, posho? Nawajibu ndiyo, posho kwanza. Gambia walianza mwaka 2006 kuwalipa walimu wa shule za mbali posho ya mazingira magumu, kati ya asilimia 30 na 40 ya mshahara, na waliopima matokeo, Todd Pugatch na Elizabeth Schroeder, waliona uwiano wa walimu wenye sifa katika shule zilizonufaika umepanda kwa pointi kama 10 za asilimia. Si haba. Nina wenzangu wanaopenda kusema pesa si kila kitu, na nimegundua kuwa wengi wao nyumba zao ziko karibu na lami. Japani nao, katika sheria yao ya mwaka 1954 ya elimu ya maeneo ya mbali, hawakuishia kwenye posho: sheria inazitaka serikali za miji na vijiji zijenge nyumba za walimu. Kuna mtu aliyeketi kuandika sheria ile akamfikiria mwalimu usiku, baada ya kazi. Ningependa kumjua.

Mikataba ndiyo inayonitia mashaka. China, mwaka 2007, vyuo vikuu sita vya ualimu vilivyo chini ya wizara vilianza kusomesha walimu bure na kuwapa hela ya kujikimu, kwa sharti kwamba mhitimu atafundisha miaka 10, kwa kawaida katika jimbo alikotoka. Mwaka 2018 wakaishusha kuwa miaka 6. Karibu na wakati huo huo walianza mpango mwingine, wa mwaka 2006, unaoajiri wahitimu kwenda shule za vijijini kwa miaka mitatu. Ni mipango mikubwa iliyofikiriwa vizuri, na wanajua wanachokifanya kuliko mimi. Ila kila nikisoma neno mkataba namkumbuka mwalimu mmoja niliyemhoji, aliyekuwa na sanduku la nguo nyuma ya mlango, limefungwa kwa kamba, mwaka wa pili tangu afike. Alikuwa anatoa shati, anavaa, anafua, anarudisha, anafunga kamba. Nilimuuliza kwa nini hatundiki. Akasema, "Nikitundika nitakuwa nimehamia."

Kijana wa Hisabati na Fizikia alikuja ofisini kwangu siku ya tatu. Sikumwita.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Karibu ukae."

Hakukaa. "Nilitaka kujua kama umeyaona maombi yangu."

Nikamwambia nimeyaona na sijayaelewa. Nikamwonyesha hata mchoro wangu wa duara, Mungu anisamehe. Aliutazama kwa heshima, kama anavyotazama kila kitu, halafu akasema, "Kwetu mtu anayerudi kabla ya wakati huwa amefeli, Dokta. Hawajaona aliyerudi kwa kupenda. Nikishuka kwenye basi na begi, mama ataulizwa nimefukuzwa kwa kosa gani, na nikisema nimekuja mazoezi ya kufundisha watasema ndiyo jina jipya la kufukuzwa."

Akanyamaza kidogo. "Na mdogo wangu yuko kidato cha pili pale pale. Ananiita Shoti. Nitaingiaje darasani?"

Nilicheka, naye akacheka, halafu akaniuliza kwa adabu zote kama mimi nilirudi kwetu.

Nilifundisha shule ya kijijini mwaka mmoja na miezi miwili. Nilikuwa mwalimu mzuri, nadhani. Siku niliyoaga, nikiwa na barua ya kujiunga na shahada ya uzamili, mwalimu mkuu alifungua kitabu cha mahudhurio ya walimu, akapiga mstari kwa wino mwekundu kuanzia jina langu hadi mwisho wa ukurasa, na juu ya mstari akaandika: Masomoni. Hakuandika "ameondoka" wala "amehama". Kwa hesabu za kitabu kile ningerudi. Kama hakijaliwa na mchwa, mimi bado niko masomoni. Nilimweleza kijana hivyo hivyo. Akaitikia kwa kichwa, wala hakuonekana kushangaa.

Duara langu sijalitupa. Zile asilimia 61 za New York zipo pale pale, na orodha zangu mbili zinasema jambo lilelile. Kosa langu lilikuwa kudhani kuwa mtu anarudi kama maji yanavyorudi bondeni. Kuna nauli ya aibu ambayo sikuwa nimeiweka kwenye hesabu. Yule binti aliyekaa akisubiri kujulishwa, nilipomhoji mwaka jana, alisema anataka kufundisha karibu na kwao lakini si kwao, "mahali ambapo nikiugua mama anafika siku hiyo hiyo, lakini nikikosea habari hazifiki." Nimeandika sentensi hiyo kwenye karatasi nikaibandika juu ya mchoro. Maili 15 pengine ndicho kipimo chake.

Kijana nimempanga kijiji kilicho mwendo wa saa mbili kutoka kwao. Kabla ya kumpanga nilimpigia mwalimu mkuu nikamuuliza funguo za nyumba ziko ngapi. Alidhani nafanya mzaha. Ziko mbili.

Fomu ya usimamizi nayo niliipeleka kwenye kamati nikiomba vipengele viwili viongezwe. Cha kwanza, mwanafunzi anafundisha madarasa mangapi kwa wakati mmoja. Kimepita. Cha pili, analala wapi na mlango unafungwa vipi. Hicho walikijadili dakika ishirini na tano, wakakipunguza kikawa "Malazi: yanafaa / hayafai". Fomu za kwanza zimerudi wiki iliyopita, na wasimamizi karibu wote wametia alama kwenye "yanafaa" kwa mkunjo uleule wa kalamu wanaotilia alama kipengele cha nidhamu. Mmoja tu amegeuza karatasi akaandika nyuma, nusu ukurasa, mpaka habari za panya. Nitamtafuta nimnunulie chai.

Barua ya udahili ndiyo iliyochukua muda. Miezi minne, vikao vitatu, na swali moja la mwanasheria. "Utajulishwa" limeondolewa. Sasa inasema: njoo tarehe fulani, saa fulani, mlango fulani, na ukikwama piga namba hii. Kuhusu namba, ghorofa ya tatu walisema hawana mtu wa kupokea simu. Ghorofa ya chini wakasema si kazi yao. Ikawekwa ya mezani kwangu.

Leo imelia mara nne. Ya tatu alikuwa mama mmoja, anaongea taratibu kama anayesoma, akataka kujua kama mtoto anakuja na godoro au godoro linatolewa na chuo. Miaka kumi na moja natafiti namna watoto wanavyofika hapa, na sikujua. Nikamwomba asikate, nikapanda ghorofa ya tatu kuuliza. Nao hawakujua. Nikashuka chini hadi hosteli nikamkuta matroni anaanika mapazia, yeye akanijibu bila kugeuka: linabebwa, futi mbili na nusu, likizidi hapo haliingii kitandani. Niliporudi kwenye simu mama alikuwa bado yupo kwenye laini, namsikia anamwambia mtu pembeni yake anyamaze.